Nyuma ya Mstari Mweupe

Alhamisi, 10 Julai

Mitupo thelathini leo baada ya swala ya alasiri. Kiwiko kinalalamika ila hakijagoma. Upepo mkali, vumbi mpaka kwenye meno. Julai hapa Garissa upepo haubishi hodi.

Mkuki ni mmoja. Urushe, uufuate, urudi nao, urushe tena. Mitupo thelathini ni safari thelathini. Kocha wangu, Mwalimu Musyoka, husema wenzetu wa nje wana mikuki kumi kumi na watu wa kuwaokotea. Mimi nina vichaka vya mathenge pande mbili za uwanja wa shule. Mkuki ukiingia kwenye miiba ile bila jicho langu kuusindikiza, nitautafuta hadi magharibi. Mwaka juzi tuliutafuta siku mbili. Kwa hiyo huanza kuufuata ukiwa bado hewani.

Nimewapa wanafunzi wangu wa Gredi ya Saba kazi ya kuandika shajara hadi shule ifungwe. Nikaona haya kuwadai nisichokifanya mwenyewe. Ndiyo sababu ya daftari hili. Mwalimu Ubah akiwa mwanafunzi wa Mwalimu Ubah. Mvivu kuliko wote.

Jumapili, 13 Julai

Hooyo alikuja uwanjani na mbuzi wake, kama kawaida. Wanafunzi wakikuta neno "hooyo" katika daftari la Kiswahili wangelipigia mstari. Shauri yao. Mama yangu sijawahi kumwita kwa neno jingine.

Hukalia mtungi wa maji uliopinduliwa, magoti yote mawili kayafunga kitambaa, na kutazama kila mtupo. Hapigi makofi. Mkuki ukienda mbali husema mashallah, basi.

Yeye ndiye kocha wa kwanza. Mwalimu Musyoka alikuja tu kunyoosha kiwiko. Hooyo alikulia machungani huko Banissa, na mimi alinifundisha fimbo kabla sijajua kusoma: irushe mbele ya mbuzi anayetoroka, si juu yake, kisha uifuate kabla vumbi halijatulia. Ulichokirusha kiendee mwenyewe. Siku moja, nikiwa na miaka saba hivi, nilikaa nikingoja binamu yangu aniletee fimbo yangu. Nilipata kofi ambalo hadi leo nalikumbuka lilianzia sikio gani.

Tatizo ni kwamba kanuni za mashindano hazikulelewa Banissa. Mwishoni mwa njia ya kukimbilia kuna mstari mweupe uliopinda. Mrushaji haruhusiwi kuukanyaga wala kuuvuka, hata mkuki ukishatua. Anatakiwa asimame, angoje utue, kisha atoke kwa nyuma. Akienda mbele, mtupo umeharibika. Haupimwi kabisa, hata ukiwa mrefu kama barabara ya Wajir.

Mwalimu Musyoka amenipigia kelele juu ya jambo hili miaka minne. Mwishowe alinunua filimbi. Nikiachia tu, anapuliza, nami nasimama. Kwenye majaribio ya Nairobi alining'inia kwenye uzio, hatua kumi kutoka kwangu, akapuliza mara sita. Nikachaguliwa kuiwakilisha nchi kwenye mashindano ya bara.

Leo Hooyo alichoka na filimbi hiyo. Akamwambia kwa Kiswahili chake: "Mwalimu, wewe nabiga filimbi kama bolisi ya barabara. Mtoto iko na akili. Wacha yeye."

Mwalimu akacheka, akaiweka mfukoni. Mtupo uliofuata nilivuka mstari bila hata kujua.

Jumatano, 16 Julai

Niseme ninachotaka, maana hapa hakuna wa kunicheka.

Sitaki medali. Ningeitaka, ila najua mkono wangu unafika wapi. Nataka mitupo sita. Kila mrushaji hupewa mitatu. Wanane wa mbele huongezwa mitatu mingine, wengine hukusanya vitu vyao na kuondoka huku mashindano yakiendelea. Miaka miwili iliyopita, mara yangu ya kwanza kuvaa sare ya nchi, nilikuwa wa kumi na moja. Nilitoka na begi langu nikipita mbele ya wenzangu waliobaki, nikajiona kama mtu aliyeamshwa mezani kabla ya chakula kuletwa.

Mwalimu husema mitupo mitatu ya kwanza wewe ni mgeni, ile ya mwisho umekuwa mwenyeji. Nina miaka thelathini na moja. Nataka nami niwe mwenyeji mara moja, mahali ambapo hakuna mathenge.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeondoka alfajiri, mimi na Mwalimu Musyoka. Hooyo alinisomea dua mlangoni, akanipa kopo la nyirinyiri kana kwamba huko niendako watu hawali nyama. Mtaa wetu wote wa Galbet ulikuwa umeamka, au ndivyo nilivyoona. Darajani tulishuka kama kawaida kuonyesha vitambulisho. Askari alipoona traksuti yenye jina la nchi mgongoni akaniuliza nakimbia mbio gani. Nikamwambia mkuki. Akanitazama kuanzia kwenye hijabu hadi viatuni, akasema haya, uwachome basi.

Nimecheka hadi Mwingi.

Jumanne, 22 Julai

Tumefika jana. Mji una baridi na miti mingi. Chumba nimepangwa na Chebet, mrusha kisahani, msichana wa Bomet mwenye mabega ya mlango na roho ya mtoto. Amemaliza nusu ya nyirinyiri.

Uwanja wa mazoezi una nyasi laini kama zulia. Mikuki imepangwa kwenye kichanja, ya rangi zote. Ukirusha, kuna kigari kidogo kinachoendeshwa kwa rimoti, kinakwenda kukuletea. Nilirusha mara nane. Mara nane nilikwenda kuuchukua mwenyewe. Mara ya tatu bwana mmoja mwenye fulana ya manjano alinipungia mkono nirudi. Mara ya sita akaacha kupunga. Kigari kilinifuata nyuma kama mwanambuzi.

Mwalimu hakucheka. Amekwenda kuona mahali makocha watakapokaa. Ni jukwaani, upande wa pili kabisa wa uwanja. Filimbi zimekatazwa.

Nina hofu. Mkono uko sawa. Ninachoogopa ni miguu.

Alhamisi, 24 Julai

Chebet amejiteua kuwa daktari wangu. Jioni alilaza chupa yake ya mafuta sakafuni kwenye ukumbi wa hoteli, akasema huo ndio mstari. Akanipa ufagio. Nikimbie, nijifanye narusha, nisimame, nihesabu hadi tano, nigeuke nirudi. Mara ishirini. Mara ishirini nilisimama. Mama mmoja mfanyakazi wa hoteli alitoka lifti, akatutazama, akachukua ufagio wake.

Katika ukumbi wa hoteli mimi ni bingwa wa bara zima.

Nimempigia Hooyo. Kesho wataangalia kwa jirani yetu mwenye runinga kubwa. Wanawake wa mtaa wote wamealikwa. Ameniuliza kama nimekula. Nimeswali na kurudia maneno yale kama mtoto anayekariri: achia, simama, hesabu, rudi. Achia, simama, hesabu, rudi.

Ijumaa, 25 Julai

Niandike sasa kabla sijaanza kujidanganya.

Tulikuwa kumi na wanne. Jua lilitoka mchana, upepo kidogo kutoka kushoto. Niliitwa wa kumi na moja. Sikuwa na hofu tena, na hilo lingepaswa kunishtua. Bismillahi. Nikaanza kukimbia. Kutoka hatua ya tatu nilijua. Mrushaji yeyote anajua: mkuki unakuwa mwepesi, mguu wa kushoto unagonga chini pale pale unapotakiwa, bega linafunguka lenyewe. Nikauachia. Ulikwenda kimya kimya na kujichoma mbele ya mstari wa mita hamsini. Mbele yake, tena kwa nafasi. Sijawahi kufika hapo maishani mwangu.

Wakati huohuo mbio za wanawake zilikuwa zinaingia mzunguko wa mwisho. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, watu wanapiga kelele. Hata kama Mwalimu angepuliza tarumbeta nisingesikia.

Nilikuwa nimefika kwenye nyasi, hatua sita au saba mbele ya mstari, nikitembea haraka, jicho kwenye mkuki wangu. Ndipo nikamwona mwamuzi. Mwanamke mzee mwenye kofia nyeupe. Hakuwa na hasira. Alinitazama kwa huruma na kuinua bendera nyekundu.

Achia, simama, hesabu, rudi. Hata neno la pili sikufika.

Hawakuupima. Walimtuma mtu akaung'oa, tundu likabaki kwenye nyasi. Nimeliangalia tundu lile mchana kutwa. Aliyepata nafasi ya nne baadaye, mkuki wake ulitua nyuma ya tundu hilo.

Mtupo wa pili: niliuogopa mstari kama moto. Nikasimama mapema mno, mita mbili nyuma, nikarusha kwa nguvu ya mkono peke yake. Arobaini na mbili na kidogo. Aibu. Bendera nyeupe lakini.

Mtupo wa tatu: sikumbuki mengi. Arobaini na saba na nusu. Nikasimama pale nyuma ya mstari, nikahesabu hadi tano, nikahesabu hadi kumi. Jina langu likapanda ubaoni. Wa nane.

Wa nane! Walibaki watatu kurusha. Wa kwanza akashindwa. Wa pili akashindwa. Nilikaa kwenye benchi na taulo mdomoni. Wa tatu ni dada mmoja mwembamba ambaye asubuhi tuligawana chumvi mezani. Alirusha vizuri, akanipita kwa sentimita kumi na moja. Akalia kwa furaha. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

Wa tisa. Nikakusanya vitu vyangu.

Jumamosi, 26 Julai

Mwalimu hajanilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu, "Ulikuwa mtupo wa maisha, Ubah." Kisha akaenda kununua chai na hakurudi kwa nusu saa.

Hakuna aliyeninyang'anya. Si upepo, si mwamuzi, si kiwiko. Nilijinyima mwenyewe, kwa miguu yangu miwili.

Jumatatu, 28 Julai

Nimerudi Galbet. Nilitaka kuingia kimya na kulala. Nyumba imejaa wanawake. Anjera, chai ya maziwa ya ngamia, watoto wanagusa traksuti. Hooyo amevaa nguo ya Idi.

Hii hapa sehemu ambayo sikuitarajia. Hooyo ana furaha. Si furaha ya kumfariji mtu, ni furaha kamili. Aliona mtupo wa kwanza kwenye runinga, akauona ulikotua, akaniona nikiufuata. Anawasimulia wote wanaoingia. Kwamba wasichana wa nchi nyingine walirusha na kusimama kama maharusi wanaongoja kuletewa maji. Mmoja tu ndiye aliyekwenda kuchukua mkuki wake mwenyewe, mbele ya dunia nzima. "Huyo nikajua ni wangu," anawaambia. "Hata kama wangeficha uso wake, ningemjua kwa hilo."

Baadaye akaniuliza bendera nyekundu ilikuwa ya nini. Nikasema nilikanyaga mstari. Si uongo. Ila najua uongo ukiwa mdomoni mwangu, hata ukivaa nguo za ukweli.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimeifundisha methali hiyo kila mwaka, nikawatungisha na sentensi. Leo imenikaa kooni kama mfupa. Nimpe vipi Hooyo habari kwamba alichonifundisha ndicho kilichoniangusha? Anaringa nacho mtaani. Acha aringe. Mimi nimekwisha kupoteza, kwa nini tupoteze wawili.

Alhamisi, 31 Julai

Mwalimu Musyoka alikuja kumsalimia Hooyo. Sikuwa nimemwonya. Kosa langu la pili mwezi huu, na sijui lipi ni kubwa.

Alikunywa chai, akasifu anjera. Hooyo akaanza hadithi yake ya maharusi na maji. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema kwa huzuni, bila nia mbaya, maana alidhani kila mtu anajua: "Lakini mama, ni kule kuufuata ndiko kulikotuua. Angebaki pale tu, angekuwa wa nne."

Hooyo alimwomba arudie. Akarudia, polepole zaidi, akamchorea mstari kwa kidole juu ya mkeka. Huku mtu anasimama, huku hapiti. Kisha akaniona uso wangu, akaacha kuchora.

Hooyo aliweka kikombe chini. Akanitazama. Kwa Kisomali aliniuliza swali moja: kama nilijua jambo hili siku zote. Nikasema ndiyo. Akainuka, akaenda kufungia mbuzi ambao walikuwa wamekwisha fungwa.

Mwalimu amenitumia ujumbe mara tatu kuomba radhi. Sijamjibu. Nitamjibu kesho. Hana hatia.

Ijumaa, 1 Agosti

Hooyo hasemi. Hajanuna. Kanisongea sima, kaniwekea maji ya kuoga. Ila hasemi. Jirani alikuja kuisikia hadithi ya mkuki tena, akiwa amemleta shangazi yake kutoka Dadaab. Hooyo akamwambia ameisahau.

Hilo limeniuma kuliko bendera nyekundu. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Nilijaribu kumwambia. Nilisema Hooyo, bila ile fimbo nisingejua hata kurusha. Nilisema ni kanuni tu, watu wameketi ofisini wakaitunga. Akasema, "Najua." Akaendelea kuchambua mchele. Nilijiona nina miaka saba, nikingoja kofi ambalo safari hii halikuja.

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimerudi uwanjani. Sikuwa na mpango. Baada ya alasiri mikono haikujua pa kukaa, nikachukua mkuki nikaenda. Shule imefungwa, uwanja mtupu. Upepo ule ule. Nilimwaga unga wa chokaa kidogo kuchora mstari.

Hooyo alitokea na mbuzi. Hakukalia mtungi wake. Aliwaacha mbuzi kwenye ua, akapita mbele yangu na fimbo yake, akaenda moja kwa moja katikati ya uwanja, mbali, mpaka akawa mdogo. Akasimama pembeni kidogo ya pale mikuki yangu inapotua. Nilidhani anamfuata mbuzi. Nikaangalia, hakuna mbuzi kule.

Nikamngoja aondoke. Hakuondoka. Akanifanyia ishara kwa fimbo: rusha.

Nikarusha. Si mbali, niliogopa kumkaribia. Mkuki ukatua. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekwisha inuka kuuendea, sikuutuma. Hooyo akainua mkono juu, kiganja wazi, na kunishikilia hivyo hivyo kutoka huko aliko. Nikaurudisha mguu chini.

Akaufikia mkuki. Akaung'oa kwa mikono yote miwili. Hajawahi kuushika, naona haukuwa na uzito aliodhani. Akauweka begani, akaanza kuja. Kwa magoti yale ni safari. Alisimama mara mbili kupumua. Mbuzi walimtazama, nami nilimtazama. Kila kitu ndani yangu kilitaka kukimbia kumpokea, na kila nilipojisogeza alisimama na kuniangalia mpaka nikatulia.

Alifika upande wa pili wa chokaa. Hakuuvuka. Akaninyooshea mkuki juu ya mstari, nikaupokea kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa likimtiririka chini ya shela.

"Tena," alisema, akageuka kwenda.